Kikohozi cha vumbi na vidonge vya soko



Kila mwaka, musimu wa kupiga maharagwe ukifika, tunaona jambo lile lile ku depo zetu. Maharagwe yamekauka vizuri, watu wanapiga kwa fimbo, makapi yanaruka, na kufika magaribi karibu nusu ya watu wanakohoa. Kesho yake ni siku ya soko. Mutu anapita kwa muuza dawa, anaomba «dawa ya kifua», anapewa vidonge sita ao nane vya rangi mbili ndani ya kikaratasi. Anameza siku mbili, kiisha anaacha, vingine anamuwekea mutoto.

Mama moja wa kooperative alituuliza: «Nimenunua mara tatu, mbona kikohozi ya mutoto haiishe?» Mutoto wake alikuwa na miaka ine. Tulimuambia amupeleke ku kituo cha afya. Muganga akaweka sikio, akasikia kifua kinapiga filimbi, akamupulizia dawa ya pompa. Kisha dakika chache mutoto akapumua vizuri, akaomba chakula. Zile pesa za vidonge zilikuwa zimeenda bure.

Juu ya nini vidonge havikufungua kifua? Antibiotiki inajua kazi moja: kuua bakteria ao kuzizuia zisizaane. Kama shida si bakteria, haina kitu cha kufanya.

Mwili una walinzi wake. Bakteria zikiingia ndani ya mapafu, walinzi wanapigana nazo: homa inapanda, makohozi yanajaa, mutoto anapumua mbio. Lakini kuko walinzi wengine ambao wanakosea. Wanaona vumbi ya maharagwe, ao unga, ao manyoya ya kuku, wanazani ni adui. Hiyo njo mzio, ao alerji kama tunavyosema huku kwetu. Mwili unatengeneza silaha inayoitwa IgE, nayo inajipachika juu ya seli fulani ndani ya njia za hewa. Vumbi ikirudi, zile seli zinamwaga histamini na vitu vingine: njia zinakaza, zinavimba, zinajaa kamasi. Hewa inapita kwa taabu, njo maana unasikia filimbi. Pale hakuna bakteria hata moja ya kuua.

Ugumu unakuja wakati mambo yote mawili yanakutana. Mutu wa pumu akishikwa na mafua, mara nyingi ni virusi, na virusi haviogope antibiotiki. Siku ingine ni bakteria kweli. Basi dawa ya sawasawa inaua bakteria, lakini njia za hewa zilikwisha kasirika, zinaendelea kuvimba na kupiga filimbi siku kazaa. Mutu anasema dawa ni ya uongo, ananunua ingine yenye nguvu. Kumbe dawa ilifanya kazi yake. Kilichobaki ni alerji, na alerji inaomba dawa yake: ile ya kufungua njia na ile ya kutuliza uvimbe.

Kuko pia bakteria moja yenye ujanja, mikoplasma, ambayo inaweza kuamusha pumu. Amoxicilline inaua kwa kuharibu ukuta wa bakteria, na mikoplasma haina ukuta. Unaweza kumeza mufuko muzima, hautaigusa. Azithromycine inaweza. Tena azithromycine ina tabia ya pekee, inatuliza uvimbe kidogo. Huko Australia watafiti waliijaribu kwa watu wazima 420 wenye pumu isiyotulia hata na pompa, wakatangaza matokeo mwaka wa 2017: waliomeza mara tatu kwa juma, kwa majuma 48, walipata mashambulio machache kuliko wengine. Lakini wenye shida ya masikio ao ya mapigo ya moyo hawakukubaliwa, na waganga waliwafuata karibu. Hiyo si ruhusa ya kwenda kuinunua sokoni.

Kwa watoto wachanga tunaomba musome polepole. Tumboni mwa mutoto munaishi bakteria nyingi nzuri, na hizo njo zinafundisha walinzi wa mwili nani ni adui na nani si adui. Mwaka wa 2012 watafiti wa Vancouver, Kanada, waliwapa panya wachanga antibiotiki moja, vankomisini, na walipokua pumu yao ya alerji ilikuwa kali zaidi. Panya wakubwa waliopewa dawa ile ile hawakupata shida hiyo. Kiisha wakaangalia watu wa jimbo lao, British Columbia. Kati ya 2000 na 2014 waganga walipunguza sana antibiotiki kwa watoto wa chini ya mwaka moja, na pumu mpya kwa watoto wa mwaka 1 mpaka 4 ikashuka toka karibu 27 kwa kila watoto elfu moja mpaka 20. Ni kweli, mutoto aliyekwisha kuwa na kifua kibaya njo anapewa dawa nyingi, kwa hiyo si rahisi kusema nini ilileta nini. Lakini sisi tunaona inatosha kuacha kumupa mutoto mabaki ya vidonge vya baba.

Sasa musitusikie vibaya. Nimonia inaua watoto, na mutoto mwenye nimonia ya bakteria asipopata antibiotiki anaweza kufa. Muhesabie pumzi dakika moja nzima wakati ametulia. Wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 ao zaidi ni mbio. Wa mwaka 1 mpaka 5, ni 40 ao zaidi. Kama kifua kinaingia ndani akivuta hewa, kama hawezi kunyonya, kama anatapika kila kitu, kama anastuka ao analala bila kuamuka, musingoje asubuhi. Na kama anapiga filimbi, muganga atamupulizia kwanza dawa ya kufungua, kiisha ahesabu tena, mbele ya kuamua kama ni nimonia. Akiandika antibiotiki, mutoto amalize siku zote alizoandikiwa. Mutu muzima anayekohoa kupita majuma mawili aende kupima kifua kikuu, hata kama vumbi iko.

Wafugaji nao wanatuuliza. Ugonjwa wa mapafu wa ngombe na wa mbuzi unaoambukiza unaletwa na mikoplasma pia, kwa hiyo penisilini haifai pale, muite veterinere. Na ngombe aliyechomwa penisilini kwa ugonjwa mwingine, maziwa yake musiuze mbele siku za kungoja ziishe. Mutu ambaye mwili wake unakataa penisilini anaweza kuvimba kwa kunywa tu yale maziwa.

Musimu huu komite za depo zifanye hivi: kupiga maharagwe inje, watu wasimame upande upepo unakotokea; kitambaa mbele ya pua na mudomo; kunyunyizia maji kidogo mbele ya kufagia; na wenye pumu wapewe kazi ya kupima na kushona mifuko.