Je, Wajua? Mtemi Mirambo alipigana kwa bunduki na kwa barua

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliingia vitani na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Dola yake ilisimama kwa nguvu za wapiganaji wake walioitwa rugaruga na hongo, yaani ushuru wa misafara, lakini kalamu nayo ilikuwa na kazi. Dk. Ebenezer Southon, mmisionari aliyefika Urambo mwaka 1879, alimwandikia Mirambo barua za kwenda kwa John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja. Waingereza Carter na Cadenhead walipouawa Mpimbwe mwaka 1880 katika shambulio la majeshi ya Mirambo, yeye alijieleza kwa barua. Alifariki Desemba 1884 akiwa vitani Ukune, Kahama, katika Mkoa wa Shinyanga wa leo. Nduguye Mpandashalo alimrithi, lakini dola ikameguka upesi.