Urafiki wa alama: Jinsi wandani katika michezo ya kompyuta wanavyompima mchezaji

KATIKA michezo ya kompyuta ambamo mchezaji huvaa nafsi ya shujaa, ni nadra shujaa huyo kusafiri peke yake. Huandamana na wandani ambao humsaidia vitani, humsimulia maisha yao na, wakichoshwa na mwenendo wake, humwacha.

Uamuzi wa mwandani kubaki au kuondoka aghalabu hutokana na hesabu.

Mfano bora ni Dragon Age: Origins, mchezo uliotolewa mwaka wa 2009 na kampuni ya BioWare ya Canada. Humo kila mwandani ana kipimo chake, kuanzia alama 100 chini ya sufuri hadi 100 juu yake. Mchezaji akitenda jambo linalomridhisha mwandani, alama hupanda, akimuudhi, hushuka. Ugumu ni kwamba wandani hawana msimamo mmoja. Kumsaidia mnyonge humpendeza Alistair, lakini mchawi Morrigan huona ni kupoteza wakati.

Alama zikipanda vya kutosha, mazungumzo mapya hufunguka, siri hufichuliwa na hata mapenzi yakachipuka. Isitoshe, mwandani huyo huongezewa uwezo wa kupigana.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa mfumo huu, kwani alama zaweza kununuliwa kwa zawadi. Sten, askari mkavu wa maneno, hupenda picha za kuchorwa. Akipewa kadhaa, maudhi ya awali hufidiwa. Waundaji walipunguza thamani ya kila zawadi inayofuata, lakini mchezaji mjanja bado huteua maneno yanayolipa badala ya yale anayoyaamini. Huo ni uchuuzi zaidi ya urafiki.

Mfumo hupata uhai pale mwandani anapokuwa na mpaka usiouzika. Katika mchezo uo huo, mchezaji akiyanajisi majivu matakatifu ya Andraste mbele ya Wynne, ajuza huyo humgeukia na kupigana naye, hata kama walikuwa wameshibana.

Katika Mass Effect 2, mwaka wa 2010, BioWare ilikiacha kipimo cha alama. Badala yake, wandani humwomba mchezaji awasaidie katika masuala yao binafsi, na akifaulu huwa waaminifu kwake. Kisa cha Tali kinagusa zaidi. Anashtakiwa uhaini mbele ya watu wake, na ushahidi wa kumwokoa unalivunjia heshima jina la marehemu baba yake. Tali humsihi mchezaji asiutoe. Akiutoa, Tali huondolewa mashtaka, lakini uaminifu wake huweza kupotea, na asiye mwaminifu huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa katika vita vya mwisho.

Alama hazijatoweka. Baldur's Gate 3, uliotolewa mwaka wa 2023 na Larian Studios ya Ubelgiji, huzitumia, na maandishi mafupi kwenye skrini humjulisha mchezaji papo hapo ni nani ameridhika na ni nani amechukizwa. Hata hivyo, mchezaji akishirikiana na wavamizi kuwaangamiza wakimbizi waliojihifadhi msituni, Wyll na Karlach hujitenga naye kabisa, wawe walikuwa na alama ngapi.