Maandiko ya Intaneti: Yalipwe ao Yatolewe Bure?

Padri anatafuta katika telefoni yake fasirio la Injili ya Siku ya Mungu. Mufratri anatafuta makala kwa kazi yake ya teolojia. Wote wawili wanakuta mulango umefungwa: kwanza walipe. Wengine wanakasirika na kusema kwamba mambo ya Mungu hayauzwi. Wengine wanapita kwa dirisha, wanakopia bila ruhusa, na zamiri haiwasumbui. Inafaa tupambanue vizuri, maana haki ya mutu mwengine imo ndani yake.

1. Kisichouzwa

Simoni wa Samaria alitaka kununua zawadi ya Roho Mutakatifu kwa feza, Petro akamukatalia kwa ukali (Matendo 8, 18-20). Bwana wetu aliwaamuru Mitume watoe bure walichopewa bure (Matayo 10, 8). Ndiyo sababu kanoni 848 inakataza mutumishi wa sakramenti kuomba kitu kupita sadaka iliyopangwa na wakubwa, na inataka masikini wasikose sakramenti kwa ajili ya umasikini wao. Basi, neema haina bei, wala ukweli wa imani hauna bei.

2. Kinacholipwa

Lakini Bwana huyohuyo aliwaruhusu wanafunzi wale na kunywa katika nyumba walimofanya kazi (Luka 10, 7). Mutume Paulo naye anafundisha kwamba wahubiri wa Injili wana haki ya kupata riziki kwa kazi hiyo (1 Wakorinto 9, 14). Mwandishi alitumia siku zake, mwengine alisahihisha, mwengine alitafsiri, na mashini zinazotunza maandiko zinakula umeme usiku na muchana. Wakristu wetu wanajua kwamba sadaka ya Misa si bei ya Misa. Vilevile feza ya makala si bei ya ukweli, ni mushahara wa kazi.

Magazeti makubwa yalijifunza jambo hili kwa taabu. Miaka mingi yalitoa habari bure katika intaneti, yakitegemea matangazo ya biashara, nayo hayakutosha. Tarehe 28 Machi 2011 The New York Times lilianza kulipisha wale waliosoma zaidi ya makala 20 kwa mwezi. The Guardian la Uingereza liliacha mulango wazi, likaomba wasomaji musaada wa hiari. Njia zote mbili ni halali.

Tena tusidanganyike na neno «bure». Hapa kwetu musomaji ananunua mega kabla ya kufungua ukurasa wowote. Feza hiyo inakwenda kwa kompani ya telefoni, mwandishi hapati hata franka moja.

3. Haki ya masikini

Makala moja ya elimu mara nyingi inapita dola 30. Katekista wa kijiji atazitoa wapi? Bei inayomufungia masikini elimu anayoihitaji kwa kazi yake inavunja upendo, hata kama haivunji sheria. Na dawa ipo. Tangu mwaka 2002 mupango wa HINARI, wa Shirika la Afya la Dunia pamoja na wachapaji, unafungulia hospitali na vyuo vya inchi masikini majarida ya uganga. Masomo ya Misa na breviari kwa kifaransa yanasomwa bure katika intaneti kwa kazi ya AELF, lakini misale iliyochapwa inanunuliwa. Kiti Kitakatifu kinatoa bure barua za Mapapa katika intaneti, lakini mwenye kutaka kuzichapa na kuziuza anapashwa kuomba ruhusa kwa Libreria Editrice Vaticana.

4. Neno la mwenye kukopia

Mwengine atasema: «Nikiiba mbuzi, zizi linabaki tupu. Nikikopia kitabu, kitabu kinabaki. Nimeiba nini?» Tunajibu: kitabu kinabaki, mushahara ndio umepotea. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za waandishi. Lakini mwandishi mwenyewe akitoa ruhusa, hakuna wizi.

5. Tufanye nini?

Mwenye uwezo alipe. Asiye na uwezo amwandikie mwandishi na kumuomba. Wengi wanatuma makala yao kwa furaha. Seminari na parokia ziunge feza zao kununua ruhusa moja ya kusomea wengi, pahali masharti yanapokubali.

Na sisi tunaoandika? Paulo alikuwa na haki ya kulipwa, lakini kule Korinto hakuitumia, akashona hema (Matendo 18, 3). Basi katekisimu, sala na mafundisho ya wokovu tuyaweke wazi kwa wote, tukiomba sadaka bila haya. Vitabu vingine vilipwe kwa bei ya haki. Mulango wa imani usiwe na kufuli, na mutenda kazi asilale njaa.