Nilimcheka Binti Yangu Mbele ya Wageni

Aliniuliza swali la barafu, nikaligeuza kichekesho. Kumbe miaka ya nyuma kijana mwingine wa Kitanzania alichekwa kwa swali hilo hilo, mpaka chuo kikuu kikaamua kulipima.

Msomaji wangu, akina mama tunapenda kulalamika kwamba mabinti zetu hawatuambii mambo yao. Na mimi nililalamika sana. Leo nakusimulia jinsi nilivyomziba mdomo wa kwangu mwenyewe, tena nikicheka.

Naishi Matongo, huku Nyamongo, wilayani Tarime. Ukiitaja Matongo watu wanawaza dhahabu na mgodi wa North Mara. Dhahabu yangu mimi ni barafu za ubuyu. Jua la saa saba likiwaka, kikopo hakikai. Tatizo ni umeme: ukikatika kabla ubuyu haujaganda, imekula kwako. Kwa hiyo nyumbani kwangu kuganda mapema ni hela ya mboga.

Sheria yangu ilikuwa moja tu. Ubuyu ukishachemka, upoe kabisa ndipo uingie kwenye friza. Jumamosi moja binti yangu, wakati huo yuko kidato cha pili, alikuwa anawahi mazoezi ya kwaya. Akaumimina wa moto kwenye vikopo, akavisukuma pembeni ya vile nilivyokwisha poza mimi, akatoka mbio.

Aliporudi nilikuwa sebuleni na wenzangu wa kikoba. Akaingia na vikopo viwili mkononi.

"Shikamooni. Mama, hebu ona. Huu niliuweka wa moto umeganda. Wako uliokuwa umepoa bado uji uji. Kwa nini?"

Badala ya kutazama vikopo, nikawatazama wageni. Nikaona aibu, yaani mtoto ananiumbua kwamba friza langu linaingizwa vitu vya moto. Nikamjibu, "Kwa hiyo fizikia yako ya jikoni ndiyo inayoniharibia friza?" Wakacheka wote. Mmoja akampa cheo hapo hapo: Profesa wa Ubuyu. Jina likashika ile mbaya. Hata baba watoto akirudi jioni, "Profesa hajambo?"

Mtoto hakulia. Alirudisha vikopo, akafunga mlango wa friza taratibu. Huo utaratibu ndio ungenishtua, lakini wapi.

Miezi miwili baadaye, wakikaribia kuchagua masomo ya kidato cha tatu, akaniambia fizikia anaiacha. Nikauliza sababu. "Mimi si mtu wa sayansi, mama. Hata wewe unajua."

Lile "hata wewe unajua" lilinikaa kifuani usiku kucha. Asubuhi nikampigia mdogo wangu aliyesoma Mkwawa, Iringa, nikamwomba azungumze na mpwa wake. Nikamweleza na kisa cha ubuyu, nikidhani atacheka. Akanyamaza kwanza. Kisha akasema, "Dada, hilo swali lina jina la mtu. Linaitwa Mpemba."

KIJANA WA AISKRIMU

Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, mkoani Tanga, mwaka 1963. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mpemba alipoona inakwisha, akaamua liwalo na liwe, akaweka yake yakiwa ya moto. Mwenzake akaweka yake bila kuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake mmoja aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia yeye huziweka za moto makusudi, ili ziwahi kuganda. (Wauza barafu wenzangu, mnaona? Tulikuwa tunajua siku nyingi.) Alipofika Mkwawa akauliza tena. Safari hii mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu mzima. Darasa likaidaka. Akikosea hesabu, wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Hapo nikakumbuka Profesa wa Ubuyu, nikatamani ardhi ipasuke.

Siku moja akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu kule Dar es Salaam. Mpemba akanyanyuka akamuuliza mbele ya wote. Wenzake walimwambia amewaaibisha. Osborne alikiri kwamba jibu hana, ila akaahidi atajaribu akirudi Dar.

CHUO KIKUU NA FRIJI LA KAWAIDA

Akamkabidhi kazi fundi wa maabara. Fundi akarudi na habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mdogo wangu aliponisimulia hapo nilicheka mpaka machozi.

Walirudia kweli, na jibu halikubadilika. Walitumia maji kidogo, sentimita za ujazo 70, kwenye bilauri za maabara, ndani ya friji la kawaida la nyumbani. Chini waliweka povu gumu, lile jeupe linalokuja na televisheni mpya, ili bilauri ya moto isiyeyushe barafu ya friji na kujipatia ubaridi wa ziada. Maji yaliyoanza na nyuzi kama 25 ndiyo yaliyochelewa kuliko yote kuanza kuganda. Ya karibu nyuzi 90 yaliwahi. Walipomwaga mafuta kidogo juu ya maji, yakachelewa mno, wakaona joto linatokea zaidi kwa juu.

Mwaka 1969 wakaandika makala pamoja katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba na la Osborne. Waliipa kichwa "Cool?". Si ndivyo vijana wetu wanavyosema?

Msidhani mabishano yaliisha. Mwaka 2012 Royal Society of Chemistry ya Uingereza ilitangaza zawadi kwa atakayetoa maelezo bora, zikaja barua zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wakasema katika vipimo vyao hawakuiona tofauti hiyo, na kwamba kipimajoto kikisogezwa kidogo tu juu au chini kinaweza kukudanganya. Mpemba mwenyewe alikwenda kusomea wanyamapori, akawa afisa wa wanyamapori, kazi tunayoijua vizuri sisi majirani wa Serengeti.

NIKAENDA KUOMBA RADHI

Kumwomba mtoto radhi si kazi ndogo, kwa malezi yetu haya. Nilimkuta anaosha vyombo. Nikamwambia, "Mwanangu, siku ile nilikucheka kwa sababu nilikuwa sijui jibu." Akaendelea kusugua sufuria. Nikamsimulia ya Mpemba. Alipofika fundi wa maabara, mkono ukasimama.

"Walitia povu chini?" akauliza. "Basi mimi nilikosea. Vikopo vyangu vilikuwa juu ya barafu ya friza. Viliiyeyusha."

Tukajaribu. Bila kitu chini, cha moto kikashinda. Tukatandika boksi, cha baridi kikashinda mara mbili, cha moto mara moja. Kila dakika kumi nilitaka kufungua nione. "Mama, usifungue, unaharibu!" Baba watoto akaja akauliza kulikoni. Akapewa saa ashike.

Kwenye orodha ya masomo aliyopeleka shule, fizikia ilikuwemo. Jumamosi iliyofuata wateja wangu walinuna kweli kweli, maana ubuyu ulikuwa haujaingia hata kikopo kimoja. Friza zima lilikuwa limejaa maji, kila kikopo na namba yake.