Una kongamano KICC na huna gari? Soma hii kabla ulipie rumu

Msee, usidanganywe na rumu ya bei rahisi huko Rongai au Ruaka. Jioni mvua ikinyesha, fare ya mathree inapanda na jam inakula masaa yako. Ile doo umesevu kwa rumu yote inaishia barabarani.

Tafuta pa kulala hapo tao, mahali utafika KICC kwa mguu. Ukitoka Mombasa na SGR, shukia Syokimau, dandia treni ya kuunganisha hadi stesheni ya tao. Kutoka hapo ni kutembea tu.

Na kabla utume ganji, piga simu uulize geti hufungwa saa ngapi. Mkitoka saa nne usiku, hutaki kubaki nje ukibembeleza soja akufungulie.