MAGAZINI YA BUNDUKI: ICHAGUE VEMA, IFUNGE SAWASAWA

Mkulima aliye na cheti cha bunduki yampasa kuijua bunduki yake kama alijuavyo jembe lake. Sehemu moja isiyojaliwa sana ni magazini, yaani lile kasha la chuma liwekwalo risasi. Kasha likiwa bovu risasi hukwama, na bunduki huwa sawa na fimbo.

Tutwae mfano wa Lee-Enfield, bunduki ya bolti iliyotumiwa na askari wa KAR. Baada ya vita nyingi ziligeuzwa kuwa za kuwindia. Kasha lake la kutoka lilibuniwa na James Paris Lee, aliyepewa hati ya uvumbuzi huko Marekani mwaka 1879.

KUCHAGUA. Kwanza, soma alama iliyogongwa kwenye chuma. Namba 1 na Namba 4 zote huchukua risasi 10 za .303, lakini makasha yao hayabadilishani. Pili, tazama midomo ya kasha, pale juu inapozuia risasi. Ikiwa imepinda, usiigonge kwa nyundo. Mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni. Tatu, bonyeza kibao cha ndani kwa kidole. Springi nzuri hukirudisha juu mara moja bila kukwama.

KUFUNGA. Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu wala mnyama. Fungua bolti na uhakikishe kwamba chemba ni tupu. Chukua kasha tupu, tia upande wa mbele kwanza, kisha sukuma upande wa nyuma juu mpaka usikie kishikizo kinalia. Sasa livute chini. Likitoka, halifai.

KUJAZA. Risasi ya .303 ina ukingo kwenye kitako. Ukingo wa risasi ya juu lazima uwe mbele ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Ukikaa nyuma, bolti ikisukuma risasi ya juu, ukingo wake hunasa ule wa chini, na zote mbili hukwama.

HATARI KUBWA. Wengine hudhani kwamba ukitoa kasha, bunduki imekuwa tupu. Sivyo! Risasi moja yaweza kubaki ndani ya chemba, nayo yatosha kuua mtoto. Toa kasha kwanza, ndipo ufungue bolti na kutazama chemba. Ukianza na bolti, risasi ya chemba itatoka, lakini ukiifunga tena itachukua nyingine kutoka kasha.

Nyumbani, funga bunduki kwa kufuli, na risasi uziweke mahali pengine penye kufuli. Kumbuka pia kwamba cheti si ruhusa ya kuwinda: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Ndovu au nyati akivamia shamba lako, peleka habari upesi kwa Shirika la Wanyamapori, KWS.