Bei ya Kutupa na Mizani ya Geneva

Kabla ya daraja, mpunga wa ng'ambo ya Mto Kilombero ulivushwa kwa pantoni pale Kivukoni. Magunia kutoka Lupiro, Minepa na hata Malinyi yalisubiri zamu pamoja na abiria, baiskeli na mbuzi. Mwaka 2018 likazinduliwa daraja la mita 384, na sasa lori linaingia Ifakara bila kumsubiri mtu. Ni hapo karibu na daraja ambapo mama mmoja, anayenunua mpunga kwa wakulima na kuukoboa mjini, aliniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria. Alikuwa amesikia kwamba kazi yangu ni sheria za biashara.

"Mwanangu," alisema, "sisi lumbesa, yale magunia ya kujaza kupita kipimo, tumekatazwa. Watu wa vipimo wakikukuta nayo, faini. Sasa huyo anayeleta mchele wa meli kwa bei ya kutupa, yeye anakamatwa na nani?"

Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu gari lilikuwa linaondoka. Alistahili jibu refu zaidi, na hili ndilo.

Tuanze na maneno yake mwenyewe: bei ya kutupa. Sokoni maana yake ni rahisi kupita kiasi. Katika sheria ya biashara ya dunia maana yake ni nyembamba zaidi. Mchele haujatupwa kwa sababu tu ni rahisi. Mkulima wa Vietnam mwenye mfereji wa uhakika na mavuno mawili au matatu kwa mwaka anaweza kuuza kwa bei inayomtoa machozi mkulima wa Kilombero, na bado asiwe ametupa kitu. Kutupa ni pale msafirishaji anapouza nje ya nchi yake kwa bei ya chini kuliko ile anayowauzia watu wa kwao. Kipimo ni nyumbani kwake, siyo Ifakara. Unachukua bei ya kwao na bei ya huku, unaondoa nauli ya meli, bima na gharama nyingine za njiani ili zote mbili zisimame mlangoni pa kiwanda chake, kisha unatazama tofauti. Kama kwao hauzi, unatazama bei anayouzia nchi ya tatu, au unakokotoa gharama zake za uzalishaji na kuongeza faida ya kawaida.

Kwa hiyo kuna mchele unaoweza kuangusha bei ya mpunga hapa bila kuwa wa kutupa, na kuna wa kutupa usiomdhuru mtu. Watu wengi hawalijui hili, wakiwemo baadhi ya wanaosimama bungeni kudai hatua zichukuliwe.

La pili litamshangaza mama yule zaidi. Msafirishaji anayetupa hakamatwi na yeyote. Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara wa mwaka 1947, katika kifungu chake cha 6, ulisema utupaji unalaaniwa iwapo unaleta madhara makubwa kwa wazalishaji wa nchi inayopokea. Lakini hakuna mahakama ya kumfunga mfanyabiashara. Kilichotolewa ni ruhusa: nchi iliyoumizwa inaweza kuongeza ushuru juu ya bidhaa hiyo, usiozidi kiasi kilichotupwa. Basi anayesimamiwa kutoka Geneva, yaliko makao ya Shirika la Biashara Duniani, ni serikali inayotoza ushuru huo.

Kwa nini asimamiwe yule anayedai kuonewa? Kwa sababu ushuru huu ni mtamu. Canada ilitunga sheria ya kwanza ya aina hii mwaka 1904, na nchi nyingine zikafuata. Kadiri ushuru wa kawaida ulivyopunguzwa katika mazungumzo ya baada ya vita, ndivyo serikali zilivyogundua kwamba huu wa kuzuia bei ya kutupa unaweza kurudishia viwanda vyao ukuta ule ule uliobomolewa. Unahitaji tu ofisa anayejua kupiga hesabu kwa namna fulani. Tangu 1995 India peke yake imefungua uchunguzi zaidi ya 1,000, na India hiyo hiyo ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote wa mchele duniani.

Hapa mfano wa watu wa vipimo unanisaidia. Ofisa wa Wakala wa Vipimo akifika ghalani Ifakara hakuambii uuze kilo kwa shilingi ngapi. Anatazama mizani yako, kama imehakikiwa na kama inasema kweli kwa muuzaji na kwa mnunuzi. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani juu ya bei ya kutupa, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1995, unafanya kazi ya namna hiyo. Haukuagizi utoze ushuru wala usitoze. Unaikagua mizani yako.

Na ukaguzi wenyewe ni wa kina. Tofauti ya bei ikiwa chini ya asilimia 2, uchunguzi unafungwa. Bidhaa za nchi inayotuhumiwa zikiwa chini ya asilimia 3 ya bidhaa hiyo yote inayoingia, unafungwa pia, isipokuwa kama wadogo wa namna hiyo kwa pamoja wanavuka asilimia 7. Ushuru wa muda hauwezi kutozwa kabla ya siku 60 tangu uchunguzi uanze. Uchunguzi umalizike ndani ya mwaka mmoja, na kwa hali yoyote usipite miezi 18. Ushuru wenyewe unakufa baada ya miaka mitano, ila kama umepitiwa upya na kuonekana bado unahitajika. Zaidi ya hayo yote, lazima uthibitishe kwamba wazalishaji wako wameumia, na kwamba kilichowaumiza ni bidhaa hizo. Kama bei ya mpunga ilianguka kwa sababu mavuno yalikuwa mengi, au kwa sababu kulikuwa na zuio la kuuza nafaka nje ya nchi, huruhusiwi kuubebesha mchele wa meli mzigo huo.

Sasa lumbesa. Katika hesabu za bei ya kutupa kuna lumbesa moja iliyosumbua dunia kwa miaka mingi. Tuseme kampuni inauza mchele kwao kwa shilingi 1,000 kilo. Januari imeuza kwetu kwa 900, Februari kwa 1,100, kiasi kile kile kila mwezi. Ukichukua wastani, imeuza kwa 1,000, hakuna kilichotupwa. Lakini mchunguzi mjanja anasema: Januari pengo ni 100, naliandika, Februari kampuni imeuza ghali kuliko kwao, hiyo naiandika sifuri. Mwisho wa hesabu anapata utupaji wa asilimia 5 mahali ambapo haukuwepo. Ni sawa na mnunuzi anayepima magunia mawili, lililopungua anakukata pesa, lililozidi anajifanya hakuliona.

India ndiyo iliyoishtaki Jumuiya ya Ulaya juu ya mchezo huu, katika kesi ya mashuka, na mwaka 2001 Chombo cha Rufaa cha Shirika la Biashara Duniani kikaamua kwamba hesabu hiyo inakiuka mkataba. Baadaye Marekani ikashindwa mara kwa mara katika kesi za namna hiyo, na haikusahau. Ilidai kwamba mkataba una kifungu, cha 17.6, kinachowaambia majaji wa Geneva wasijifanye wachunguzi. Kifungu hicho kipo kweli, na nakiona cha busara. Kinasema kama ofisa wa nchi alikusanya ukweli ipasavyo na kuupima bila upendeleo, uamuzi wake usitenguliwe hata kama majaji wenyewe wangeamua vingine. Na pale ambapo maneno ya mkataba yanaweza kusomeka kwa njia zaidi ya moja zinazokubalika, nchi iliyofuata mojawapo haina kosa. Ubishi ukawa juu ya swali moja: hesabu ya sifuri ilikuwa njia mojawapo inayokubalika au haikuwa? Chombo cha Rufaa kilisema haikuwa. Nakubaliana nacho, mizani isiyoona upande mmoja si mizani.

Hilo lilikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyoifanya Marekani izuie uteuzi wa majaji wapya, mpaka Desemba 2019 chombo hicho chenye viti saba kikakosa hata majaji watatu wa kusikiliza rufaa. Hadi leo viti ni vitupu.

Athari zake zimefika Afrika. Tunisia iliishtaki Morocco kwa kuyatoza madaftari yake ya shule ushuru wa bei ya kutupa. Fikiria, madaftari ya watoto. Julai 2021 jopo la Geneva lilikuta kasoro katika hesabu na uchunguzi wa Morocco. Morocco ikakata rufaa kwenye chombo kisicho na majaji, na kesi ikasimama hapo. Aliyeshinda hana cha kushika. Nchi kubwa inaweza kuishi hivyo, kwa kuwa ina njia nyingine za kubana. Nchi ya kiasi chetu haina njia nyingine zaidi ya maandishi.

Nirudi Kilombero. Tanzania ina sheria yake ya kuzuia bidhaa za bei ya kutupa na zenye ruzuku, ya mwaka 2004. Mwaka huo huo, tarehe 2 Machi, Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ilisainiwa Arusha, nayo ikaweka vifungu juu ya jambo hili pamoja na kamati ya kulishughulikia. Sheria zetu, kama za wenzetu, zinatakiwa ziarifiwe Geneva, ambako kamati ya nchi wanachama hukutana mara mbili kwa mwaka na mwanachama yeyote anaweza kuhoji za mwenzake. Lakini barani Afrika wanaotumia silaha hii kwa wingi ni Afrika Kusini, Misri na Morocco. Sisi tumeegemea ushuru wa kawaida: asilimia 75 kwa mchele unaotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, asilimia 100 kwa sukari, au kiasi maalumu kwa kila tani kama ndicho kinachozidi. Na tunaruhusiwa, kwa sababu katika mazao ya kilimo Tanzania iliahidi tu kutovuka asilimia 120.

Ukiwa na ukuta mrefu hivyo, uchunguzi wa nini? Ndivyo wengi wanavyofikiri. Shida ni kwamba ukuta huu una mlango, na ufunguo uko serikalini. Mwaka 2013 mchele uliruhusiwa kuingia bila ushuru ili kutuliza bei mijini, na bei ya mpunga bondeni ikaporomoka. Wakulima walisema wametupiwa mchele. Kwa lugha ya mkataba, hapakuhitaji kuwa na utupaji wowote. Ushuru uliondolewa na wenye nyumba. Sidharau maumivu yao, nimekulia kati ya watu wanaolipa ada kwa mpunga. Lakini dawa ya jambo hilo ilikuwa Dodoma na Dar es Salaam, haikuwa Geneva.

Ikitokea siku mchele umetupwa kweli, nani atalalamika? Sheria inataka ombi liungwe mkono na wazalishaji wenye angalau asilimia 25 ya uzalishaji wa nchi, na kati ya waliotoa maoni, wanaounga mkono wazidi wanaopinga. Kiwanda cha sukari pale Kidatu kina vitabu vya hesabu na wanasheria. Kikiungana na wenzake wachache, kinavuka kizingiti hicho kwa barua moja. Wakulima wa mpunga wenye ekari mbili mbili, kutoka Mlimba hadi Malinyi, hawawezi. Ndivyo nilivyoamini mpaka niliposoma tanbihi ndogo chini ya kifungu cha 5.4. Inasema kwamba katika sekta zilizotawanyika zenye wazalishaji wengi mno, uungaji mkono unaweza kupimwa kwa sampuli inayokubalika kitakwimu. Sentensi moja, kwa herufi ndogo. Walioiandika wanaweza kuwa hawakuwa na bonde la Kilombero akilini, lakini linaingia humo lote.

Kizingiti cha pili ni kufanana. Ombi linahusu bidhaa inayofanana na ile inayoletwa. Je, mchele wa supa wa Kilombero, wenye harufu inayosikika mpaka kwa jirani, unafanana na ule wa meli uitwao mapembe unaoliwa Zanzibar? Mpishi atacheka. Mwanasheria atauliza mengine: zinauzwa duka moja? Mnunuzi anahama kutoka moja kwenda nyingine bei ikibadilika? Mbegu ya SARO 5, inayopendwa bondeni kwa mavuno yake, ina harufu kiasi tu, na mimi ningeanzia ubishi hapo. Tukijisifu kwamba mchele wetu hauna mfano, tujue upande wa pili utayasoma maneno hayo mbele ya jopo.

Na cha tatu ni ushahidi wa madhara: bei ya shambani mwezi kwa mwezi, kiasi kilichouzwa, gharama, mashine zilizosimama, kwa miaka kadhaa mfululizo. Msaada wa kisheria upo. Geneva kuna kituo cha ushauri kilichoanzishwa mwaka 2001 ambacho huhudumia nchi maskini zaidi kwa gharama ndogo sana, Tanzania ikiwemo. Lakini wakili wa kituo hicho hawezi kutunga bei iliyolipwa Minepa mwezi wa sita. Lazima iwe imeandikwa Minepa, mwezi wa sita.

Baada ya siku chache nilimpigia simu yule mama. Nilimweleza haya kwa muhtasari, akasikiliza, kisha akaniambia kwamba kwenye mashine anayokobolea wana daftari: tarehe, jina, magunia yaliyoingia, kilo zilizotoka. Nikamuuliza kama wanaandika na bei ya kununulia. Hawaandiki. Nafasi ya mstari mmoja ipo, alisema, pembeni kabisa, na kesho yake akaanza na magunia yake mwenyewe.